Zuhura, Soma Kitabu Chenyewe

Tanga

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Natumai upepo wa Dodoma haukutesi sana, wewe na wenzako wa chumbani. Sisi huku hatujambo. Goti la baba yako limetulia tangu abadilishiwe dawa, na sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake bila kushikwa mkono. Mama yako anasema kwenye picha umekonda. Nimemtuliza, lakini nawe kula, mwanangu. Chai na andazi si chakula cha mchana.

Bibi yako anakusalimu sana. Macho yake yamezidi kufifia. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na daktari amekubali kumfanyia upasuaji, jicho la kulia kwanza. Mpaka siku hiyo ifike, mimi ndiye msomaji wake. Kila baada ya isha naketi ukingoni mwa kitanda chake, namsomea kurasa chache mpaka usingizi umchukue. Hivi sasa tuko kwenye Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Yeye huandika kwa Kiingereza. Hii aliitoa mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili mwaka 2022, wakaichapisha Mkuki na Nyota hapo Dar es Salaam.

Inamhusu Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili. Nyumbani kwao huja tajiri mmoja, Aziz, mfanyabiashara wa misafara ya bara, na mtoto anamhesabu kuwa ni jamaa yao. Anampenda, maana kila tajiri akiondoka humwachia sarafu ya anna kumi. Siku moja anaambiwa wataondoka pamoja kwa garimoshi, naye anafurahi. Hajui kwamba baba yake ana deni, na kwamba yeye ndiye aliyewekwa rehani.

Nilipofika kwenye ile sarafu, Bibi yako aliniwekea mkono gotini. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. "Hiyo si zawadi. Anamzoesha mkono wake." Wakati huo habari ya rehani tulikuwa bado hatujaifikia. Tulipoifikia alinyamaza kwa muda, nikadhani amelala, nikataka kufunga kitabu. Kumbe yuko macho, machozi yanamtoka. Kisha akaanza kunisimulia mambo ya Pangani ambayo mimi mwanawe sikuwahi kuyasikia, aliyoyapata kwa bibi yake: watoto waliopelekwa kwa matajiri kwa maneno matamu, wazazi wakabaki wanaulizia kila msafara uliorudi. Unajua kwetu Pangani ndiko misafara ilikoanzia kwenda Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Halafu akamkumbuka yule mama jirani yetu, aliyechukuliwa makochi na televisheni kwa mkopo wa kausha damu. Akasema, "Kumbe kausha damu ni ya zamani. Zamani walikuwa wanachukua mtoto."

Bibi yako hakusoma zaidi ya chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Hakuna aliyemwambia kwamba dhamira kuu ya riwaya ni hii na dhamira ndogo ni zile. Alikisikiliza kitabu kwa masikio yake, akakipima kwa umri wake, akamwona tajiri alivyo kabla mwandishi hajamtaja kwa vitendo vyake. Nimekuanzia na habari hizi kwa makusudi.

Wa baad. Baba yako alinieleza mazungumzo yenu ya simu. Alisema umemwambia kwamba tangu umalize kidato cha sita hujagusa riwaya, na huna haja ya kugusa, kwa kuwa zile ulizosoma shuleni zilikuchosha. Yeye alicheka. Mimi nikaona nikuandikie. Kwa simu ungeniitikia "sawa shangazi", kisha ungerudi kwenye madesa yako. Barua utaisoma zaidi ya mara moja, na wenzako watachungulia begani kwako. Wachungulie, yanawahusu na wao.

Lile kasha lako la vitabu bado liko chini ya kitanda. Nililivuta nikalifungua nipate kujua ni riwaya zipi hizo zilizomchosha mtoto wetu. Nilikuta uchambuzi wa Vuta n'kuvute, uchambuzi wa Kufikirika, na uchambuzi wa tamthiliya mbili, Kwenye Ukingo wa Thim na Kivuli Kinaishi. Vyote vimepigwa mistari kwa kalamu ya kijani: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kitabu chenyewe nilikuta kimoja tu, Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Nilikitazama kwa pembeni. Kurasa za mwanzo zimepata weusi wa vidole, kisha weusi unakatika, na kuanzia hapo mpaka jalada la nyuma ni karatasi nyeupe kama ilivyotoka kiwandani.

Zuhura, riwaya hazikukuchosha. Hukuzisoma. Kilichokuchosha ni yale makaratasi ya mistari ya kijani, na hayo yangemchosha mtu yeyote.

Sikulaumu, wala simlaumu mwalimu wako. Darasa lilijaa, vitabu havikutosha, mtihani ulikuwa mlangoni, nawe ulifanya kilichofanywa na wote, ukafaulu, tukafurahi na kuku tukachinja. Lakini mtihani umepita. Usibaki na chuki ya kitu ambacho bado hujakionja.

Nikuambie nilivyojifunza kusoma mimi. Tulikulia Pangani, mimi na baba yako, na nyumbani vitabu vilikuwa vichache. Siku moja babu yako alikuja na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, amekinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Kitabu kile kilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957-58, kikachapwa mwaka 1960, na ndicho kilichomleta duniani Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, anayekaa kimya wenzake wanapobishana. Sasa hicho cha kwetu kilikuwa hakina kurasa za mwisho. Bila shaka zilikwisha kufungiwa karanga. Tulisoma mpaka karatasi ilipokatikia: mtu ameuawa, kila mmoja ana la kujibu, na muuaji hajatajwa.

Basi ikawa kazi. Baba yako alikuwa na mtu wake, mimi nina wangu. Babu yako alikataa kelele. Alisema anayemtuhumu mtu alete ushahidi na ukurasa wake. Tukarudi mwanzo, tukakisoma upya kwa jicho jingine. Nani alisema alikuwa wapi? Nani alijibu swali ambalo hakuulizwa? Mkaa wa jikoni ulikuwa kalamu yetu ya kutilia alama. Watoto wa jirani wakaja wakagawanyika, wengine upande wangu, wengine upande wake, na kila jioni kibarazani kulikuwa na kesi. Kitabu kizima nilikuja kukipata baadaye sana, nikiwa chuo cha uuguzi, nikakimaliza usiku huohuo. Sikuambii kati yangu na baba yako nani alikuwa amepatia. Kimo kwenye kabati langu, chukua siku ukija.

Kitabu kile kilichokatika ndicho kilichonifundisha kusoma, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kutupa jibu. Ilitubidi tufikiri.

Cha pili kilichonijenga ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971, na kuna wakati ilizuiwa mashuleni, kwa hiyo ilipita mikononi mwetu ikiwa imefunikwa gazeti. Inahusu binti wa Ukerewe, Rosa, na baba yake Zakaria, mlevi mkali, anayemwadhibu binti kwa fimbo kwa sababu ya barua ya mvulana. Anamziba macho na masikio asijue lolote kuhusu wanaume, kisha anamwachia aende kusoma mbali. Mengine utayasoma. Wenzangu wengi bwenini walisema ni kitabu cha msichana aliyeharibika. Mimi nikashika kwamba ni kitabu cha baba. Tulibishana mpaka taa zikazimwa, na sikurudi nyuma, kwa sababu nilikuwa nimeyasoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Miaka michache baadaye nikapangwa wodi ya wanawake. Wasichana wa umri wako, na wadogo zaidi, waliletwa usiku wakivuja damu, hawataki kusema wamekunywa nini wala nani amewashika. Wapo wauguzi waliowagombeza hata kabla ya kuwapima. Walikwisha kuwa na uchambuzi wao tayari: huyu ni malaya, huyu amejitakia. Mimi nilivuta kiti nikakaa. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Nyumbani unaishi na nani?" Mara nyingi hapo ndipo maneno yalipotoka, na maneno yakitoka daktari anajua pa kuanzia. Swali lile sikufundishwa chuoni. Nililipata kwa Kezilahabi, Mungu amrehemu.

Sasa nimestaafu na siku zangu zimejaa kusoma. Baada ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, nasoma changu kibarazani mpaka mwanga ushike na wauza maziwa waanze kupita. Jioni ni zamu ya Bibi. Unyevu wa Tanga unaujua, kwa hiyo mara kwa mara navitoa vitabu kivulini vipate upepo, napanga majani makavu ya mwarobaini katikati yao kwa ajili ya wadudu. Wiki hizi kitabu cha asubuhi ni Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Nakirudia kwa sababu kinaanzia hapahapa Tanga, kwa mama mwimbaji wa taarabu, kabla kijana hajavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Mkenya yule ameiandika Tanga yetu kwa mapenzi. Alifariki Nairobi Aprili 2020, na Januari ya mwaka huohuo tulikuwa tumempoteza Kezilahabi. Nikikimaliza hiki, kabatini kinangoja Mungu Hakopeshwi cha Zainab Alwi Baharoon, kilichopata tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili mwaka 2018. Nimefurahi kuona binti wa Kizanzibari amesimama mahali walipokuwa wamezoea kusimama wanaume.

Baba yako haachi Willy Gamba wake wa Elvis Musiba, wala simkatazi. Anayesoma riwaya ya kijasusi mpaka neno la mwisho ni msomaji kuliko anayetaja dhamira sita za kitabu ambacho hajakifungua. Kwa hiyo usije ukaniletea habari kwamba vitabu fulani ni vya wasomi na vingine vya walinzi wa getini. Mlinzi wa duka pale Ngamiani ameniazima vitabu vizuri kuliko watu wenye digrii zao.

Sasa sikiliza ninachotaka ufanye.

Anza na Vuta n'kuvute, hichohicho ulichokiachia njiani. Katika daftari lako umeandika kwamba Yasmin anawakilisha wanawake waliokandamizwa na kwamba Denge ni mwanamapinduzi. Ni kweli, na alama ulipata. Lakini Yasmin ni msichana, Zuhura. Ameozwa kwa mwanamume wa umri wa baba yake. Anamkimbia, na jamaa zake mwenyewe wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, ambaye hana udugu naye hata wa mbali. Je, uliwahi kujiuliza usiku ule wa kwanza alilalaje? Alijutia nini, akaogopa nini? Mwajuma naye alipata faida gani kumpokea, au hakupata yoyote? Hayo hayamo kwenye vijitabu vyako. Shafi ameyaweka kitabuni, na hayawezi kufupishwa. Sinema yake ya mwaka 2021, ya Amil Shivji, ni nzuri nami nimeipenda, ila iache mpaka umalize kusoma. Mwone Yasmin wako kwanza, ndipo uonyeshwe wa mtu mwingine.

Kurasa kumi kwa siku zinakutosha. Simu iweke kabatini, tena uizime mlio. Neno usilolijua lisikusimamishe, litie alama usonge mbele. Mara nyingi sentensi ya pili itakufafanulia, na likikataa kabisa niulize. Ukichoka, funga, kesho ipo. Ukimaliza, kabla hujamuuliza mtu na kabla hujatazama uchambuzi wowote, chukua daftari uandike nusu ukurasa kwa mkono wako: nani ulimwamini, nani alikudanganya, wapi ulikasirika. Usiandike "mwandishi anatufundisha". Andika wewe umeona nini. Baada ya hapo, ukitaka kurudia vile vijitabu, virudie, ubishane navyo. Vingine vimeandikwa na watu wenye akili zao, lakini utaingia ukiwa na lako la kusema.

Na kitabu ukipata cha kununua, kinunue. Usisome vile vya kupigwa picha vinavyorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwandishi wa Kiswahili hapati kingi, na hicho kidogo ukimnyang'anya ataacha kuandika akauze maji. Nimekutumia hela kwa simu asubuhi hii. Ni ya kitabu cha pili baada ya Vuta n'kuvute, utakachochagua mwenyewe dukani kwa kukisoma kurasa za mwanzo ukiwa umesimama palepale. Si hela ya bando.

Utauliza kwa nini shangazi anashika sana jambo hili, wakati wewe unasomea uhasibu na hesabu zako zinakwenda vizuri. Ni kwa sababu umefika umri ambao watu wataanza kukuletea uchambuzi wa kila kitu. Shoga atakuja na uchambuzi wa kijana fulani: ana kazi, ana adabu, kwao wanajiweza. Kijana mwenyewe atakuja na uchambuzi wake, mtamu zaidi. Kampuni ya mikopo ya simu itakuletea mstari mmoja kwenye kioo, bonyeza hapa, na masharti yenyewe yatakuwa chini kwa herufi ndogo, mengi, ya kuchosha. Mwajiri atakupa mkataba aseme, "Huu ni wa kawaida tu, weka sahihi." Mwanasiasa atapita na wake. Wote hao wanaomba kitu kimoja: usisome mwenyewe, sisi tumekusomea.

Siwezi kuwa Dodoma kila siku kukushika mkono, na baba yako hawezi. Ninachoweza ni kukutaka uzoee kukifuata kitu mpaka mwisho wake kabla ya kukitolea hukumu au kukitilia sahihi. Sijui mahali pa kujizoeza kwa usalama kuliko riwaya. Ukimwamini mtu asiyefaa ndani ya kitabu, umepoteza kurasa kadhaa tu. Nje ya kitabu nimewaona waliopoteza zaidi, wengine nimewafunga bendeji kwa mikono hii.

Usifikiri nakuondoa kwenye masomo yako. Yashike, ada ni jasho la baba yako. Lakini nusu saa kabla ya kulala ni yako, na nimesikia unaitumia kutazama video za watu wanaocheza. Watazame Jumamosi.

Mama yako anakutumia mkoba wa dagaa na pilipili ya kukaanga kwa basi la Jumatano; nenda stendi mapema, usimwachie konda alale nao. Ndani yake utakuta kile kitabu chako, Vuta n'kuvute, nimekifunika karatasi ya kaki kisichafuke.

Ukifika pale Yasmin anapopokewa na Mwajuma, simama uniandikie barua, kwa kalamu, si ujumbe wa simu. Niambie kama jamaa zake walikuwa na haki yoyote ya kumfukuza, na uniambie kwa ushahidi na ukurasa wake. Bibi yako nitamsomea jibu lako, na amesema hataanza kitabu kingine baada ya Peponi mpaka alisikie. Usimweke mzee muda mrefu.

Wasalaam,

Shangazi yako akupendaye